Je, Wajua? Sungura hupenda kula akiwa chooni

Meno yote 28 ya sungura hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga vizuri ni nyasi kavu. Akizisusa, usimbembeleze kwa karoti. Zina sukari nyingi. Punguza polepole chakula cha punje cha dukani, maana akishiba hicho nyasi hatazigusa. Kisha ziweke pale pale penye choo chake: sungura hupenda kutafuna huku akijisaidia, na mbinu hii ndiyo ninayoiamini zaidi. Zikung'ute vumbi, uzibadilishe kila siku. Nyasi za boma Rhodes zilizokaushwa vizuri hubaki na ukijani na harufu nzuri. Asipokula chochote kwa saa 12, mkimbize kwa daktari wa mifugo.