Ukimya wa Wajumbe na Uamuzi wa Kikao

Kikao cha kazi huitishwa kwa sababu moja yenye uzito, nayo ni kwamba ujuzi unaohitajika ili jambo liamuliwe vizuri haukai katika kichwa cha mtu mmoja, bali umetawanyika kwa watu kadhaa, kila mmoja akiwa na kipande chake. Mhasibu anajua fedha zilizobaki, fundi anajua mtambo unaokaribia kuharibika, na karani wa mapokezi anajua malalamiko ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Iwapo vipande hivyo havikutolewa mezani, kikao kitakuwa kimetimiza akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili uamuzi uwe halali, na muhtasari utasema kwamba hoja ilipita kwa kauli moja, lakini uamuzi wenyewe utakuwa umefanywa na mtu mmoja au wawili mbele ya mashahidi.

Mwaka 1985 wanasaikolojia wa Marekani, Garold Stasser na William Titus, walichapisha utafiti unaoonyesha jinsi vipande hivyo vinavyopotea. Makundi ya wanafunzi wa chuo kikuu yalitakiwa kuchagua mgombea mmoja kati ya watatu, ambao mmoja wao, sifa zake zote zikijumlishwa, aliwazidi wenzake. Pale ambapo kila mjumbe alipewa habari zote, makundi zaidi ya 80 kwa kila 100 yalimchagua huyo. Pale ambapo sifa zake nzuri ziligawanywa ili kila mjumbe ajue chache tu, huku kasoro zake zikijulikana na wote, makundi yaliyomchagua hayakufika robo, ingawa ndani ya chumba habari zote zilikuwapo. Tafiti zilizofuata zilibainisha kwamba wajumbe hutumia muda mwingi kurudia yale ambayo kila mtu anayajua, kwa kuwa jambo linalojulikana na wengi hupata wa kuliunga mkono upesi, ilhali linalojulikana na mmoja hutajwa mara moja, kama likitajwa, kisha likapita.

Mfano uliochunguzwa kuliko karibu yote ni kikao cha simu kilichofanyika usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kikiwaunganisha maofisa wa shirika la anga la Marekani, NASA, waliokuwa Alabama na Florida, na wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha Challenger. Maungio ya roketi hizo yalizibwa kwa pete za mpira, na wahandisi, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walihofia kwamba baridi iliyotabiriwa kwa asubuhi iliyofuata ingeufanya mpira kuwa mgumu na kuruhusu gesi ya moto kupenya. Walipendekeza chombo kisirushwe katika joto la chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Maofisa wa NASA hawakuficha kero yao. Mzigo wa hoja ukageuka: badala ya wanaotaka kurusha kuthibitisha kuwa ni salama, wanaosita wakatakiwa kuthibitisha kuwa ni hatari.

Wahandisi hawakuwa na uthibitisho kamili, na sehemu ya kosa ilikuwa yao, maana walionyesha safari zilizopata hitilafu peke yake, na mojawapo ilikuwa ya siku ya joto. Tume ya uchunguzi ilipoziweka safari zote pamoja baadaye, picha ilijitokeza waziwazi: safari zote 4 zilizofanyika katika joto la chini ya nyuzi 18 zilikuwa na hitilafu kwenye pete, na katika 20 za joto la juu zaidi, 3 tu. Takwimu zilikuwapo usiku ule. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza habari za safari zilizofika salama.

Thiokol waliomba dakika 5 za kujadiliana faragha, zikawa karibu 30; wahandisi wakapinga tena, kisha wakanyamaza walipoona hawasikilizwi, na mameneja 4 wakapiga kura wao wenyewe kuruhusu urushaji. Simu iliporudi hewani, ofisa wa NASA aliuliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Hakuna aliyejibu. Mwakilishi wa kampuni aliyekuwa Florida, Allan McDonald, alikataa kutia saini, na saini ikaletwa kwa faksi kutoka Utah. Asubuhi yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Swali lile la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloulizwa katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki kila wiki. Mwenyekiti hueleza hoja, hutoa maoni yake, kisha huuliza, "Kuna mwenye wazo tofauti?" Kwa wakati huo anayesema ndiyo hatoi habari tena, anampinga mkubwa wake hadharani. Heshima kwa cheo na umri, hofu ya kutajwa kuwa mkorofi, na desturi ya kufunika kombe mwanaharamu apite humfanya hata mtu shupavu ainamishe macho kwenye makabrasha. Mpangilio wa ajenda nao huchangia, kwani saa nzima huishia kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, na suala zito likasukumwa hadi mengineyo, wakati wajumbe wanafikiria chakula na, tusidanganyane, posho.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni mpangilio wa kusema. Sheria ya kale ya Kiyahudi, kama ilivyoandikwa katika Mishna, iliagiza kwamba katika kesi zenye adhabu ya kifo waamuzi wadogo watangulie kutoa maoni, ili wasielemewe na kauli ya wakubwa. Mwenyekiti anayezungumza mwisho anafuata hekima hiyo hiyo. Njia nyingine ni maandishi: kila mjumbe anaandika maoni yake kabla ya yeyote kusema, au, kama ilivyo desturi katika kampuni ya Amazon tangu miaka ya 2000, wote wanasoma waraka mmoja kimyakimya ndipo mjadala uanze. Swali pia libadilike. Mwanasaikolojia Gary Klein alipendekeza wajumbe waambiwe wachukulie kwamba mradi umekwisha kushindwa, kisha kila mmoja aeleze ulishindwa kwa nini. Mashaka yanakuwa kazi waliyopewa, na mwenye kuyatoa haonekani msaliti.

Wako wanaopendekeza mjumbe mmoja ateuliwe kuwa mpinzani wa makusudi. Njia hiyo ina faida ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani utafiti wa Charlan Nemeth unaonyesha kwamba mpinzani wa kuigiza hachochei fikra kama anayepinga kwa dhati, na wenzake wanajua anaigiza. Ni afadhali kumlinda yule mmoja anayepinga kweli. Majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950 yalionyesha kwamba mtu anayefuata kosa la wengi huacha kwa kiasi kikubwa mara anapompata mwenzake mmoja tu anayesema kweli.

Kanuni ya uamuzi nayo itangazwe mapema: kama ni kura ya wengi, maafikiano ya wote, au kiongozi kuamua baada ya kushauriana. Zote ni halali. Kinachochosha watu ni kuitwa kushauri juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwalimu Nyerere alipenda kueleza demokrasia ya jadi kuwa ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane, na wanaoitaja kauli hiyo leo hulisahau neno "hadi". Maafikiano yanahitaji muda, na ofisi isiyo na muda huo ni heri ipige kura.

Mwisho, muhtasari usiishie kwenye "iliafikiwa". Katibu aandike uamuzi, sababu zake, pingamizi lililotolewa na tarehe ya kuupitia upya, kwa sababu mjumbe aliyeona pingamizi lake limeandikwa kwa haki mwezi uliopita atathubutu kusema tena mwezi huu, na aliyeona limefutwa hatarudia.