Simu imejaa? Kabla ya kufuta picha za familia, anza na WhatsApp

Iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Lubumbashi, shida ni ile ile. Unataka kupiga picha, simu inakataa. Unataka kufungua sauti iliyotumwa na ndugu aliye Kinshasa, WhatsApp inakuambia nafasi imekwisha. Hapo wengi wanafanya haraka: wanafungua picha na kuanza kufuta za zamani. Picha za ndoa zinaondoka, picha za mzazi aliyefariki zinaondoka, hata picha ya kadi ya uchaguzi na ya hati ya kiwanja. Kisha juma mbili, simu imejaa tena.

Inajaa tena kwa sababu kilichokula nafasi hakikuguswa. Mara nyingi si zile picha za zamani. Ni video za magrupu, ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeziomba.

Na kwetu jambo hili si la mchezo, kwa sababu simu imekuwa sanduku la nyumba. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano kisha, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma wahame. Mtu anayetoka nyumbani namna hiyo anabeba watoto, godoro, na simu. Kama karatasi zimebaki nyuma, picha zake ndani ya simu ndizo zinabaki mkononi. Kuzifuta ili kupata nafasi ya video za kuchekesha ni hasara kubwa.

Kwanza, angalia nani anakula nafasi

Simu iliyoandikwa giga 32 haikuachii giga 32. Mfumo wa Android na programu zilizokuja na simu zimekwisha kuchukua sehemu yao kabla hujapiga picha ya kwanza. Fungua "Paramètres", kisha "Stockage". Simu itakuonyesha picha zinachukua kiasi gani, video kiasi gani, na programu kiasi gani.

Picha moja ya kawaida inachukua mega 2 mpaka 4. Lakini dakika moja ya video iliyopigwa kwa ubora wa Full HD mara nyingi inapita mega 100. Ni kusema video moja fupi ya harusi inaweza kulingana na picha 30. Kama kamera yako inapiga kwa ubora wa juu kuliko huo, ishushe kwa HD ya kawaida. Kwa kutazama kwenye simu, tofauti ni ndogo.

Fanya hesabu ya grupu moja tu. Likituma video 10 kwa siku, kila moja mega 5, ni mega 50 kwa siku, na mega 1.500 kwa mwezi, ni kusema giga moja na nusu. Wengi wetu tuko ndani ya grupu la familia, la kanisa, la kartie, la wazazi wa shule na la kazi.

WhatsApp: futa, kisha funga mlango

Ndani ya WhatsApp, ingia "Paramètres", "Stockage et données", kisha "Gérer le stockage". Kule juu utaona video na picha zilizosambazwa mara nyingi, pamoja na zile zinazopita mega 5. Chini kuna mazungumzo yako yote, yamepangwa kuanzia lile linalokula nafasi zaidi. Anza hapo. Chagua, angalia kidogo, futa. Watu wengi wanapata giga kadhaa bila kugusa picha hata moja ya familia.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani. Ukipiga video na kuituma kwa WhatsApp, simu za Android zinabaki na nakala mbili: ile ya kamera, na ile iliyotumwa. Nakala iliyotumwa iko ndani ya folda iitwayo "Sent". Kama ile ya kamera ingali kwako, unaweza kufuta ya "Sent" bila hofu.

Kisha zima upakuaji wa moja kwa moja. Ndani ya "Stockage et données", toa alama kwenye picha, sauti, video na dokima, kwa upande wa mega na kwa upande wa Wi-Fi. Kuanzia hapo, picha, video na dokima zinaingia ndani ya simu paka ukizibonyeza wewe mwenyewe. Faida ni mbili: nafasi inabaki, na forfe uliyonunua haiishi kwa video usizotazama.

Usichanganye "cache" na "données"

Kila programu inaweka vitu vya muda ili ifunguke haraka. Hiyo ndiyo "cache". TikTok, Facebook na YouTube zinaweza kukusanya nyingi sana. Ingia "Paramètres", "Applications", chagua programu, kisha "Stockage", na ubonyeze "Vider le cache". Hakuna kitu chako kinachopotea. TikTok ina pia sehemu yake ya kusafisha ndani ya programu yenyewe.

Lakini kando ya kitufe hicho kuna kingine kinachofuta "données". Hicho kinarudisha programu kama siku ya kwanza. Kwa WhatsApp, kinaweza kuondoa mazungumzo yako. Soma vizuri kabla ya kubonyeza.

Jihadhari pia na programu zinazoahidi kusafisha simu kwa mbofyo mmoja. Nyingi zinaleta matangazo na kuongeza uzito. Na fundi wa barabarani akikuambia njia ni kuflashi simu, fahamu kwamba kuflashi ni kufuta kila kitu. Kwa simu iliyojaa tu, ni dawa kali kuliko ugonjwa.

Umefuta, lakini nafasi hairudi?

Picha iliyofutwa haiondoki mara moja. Inaingia ndani ya "Corbeille". Kwa Google Photos, picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye konti inabaki humo siku 60, na ile isiyohifadhiwa siku 30. Muda huo wote inaweza kuendelea kula nafasi. Kama una hakika, ingia na umwage "Corbeille". Kama umekosea, ni hapo pia unaweza kurudisha.

Mtego mkubwa ni huu: ukifuta picha ndani ya Google Photos wakati simu imeunganishwa na konti, inafutwa pia kwenye konti. Ikiwa unataka itoke kwenye simu na ibaki kwenye konti, tumia "Libérer de l'espace".

Kuweka vyote kwenye intaneti pia si rahisi kwetu. Google inatoa giga 15 za bure kwa barua pepe, dokima na picha pamoja. Tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2021, kila picha mpya inahesabiwa humo, na kwa simu za Android nakala za WhatsApp nazo zinahesabiwa. Tena, kupandisha giga 10 kunaomba kununua mega za kutosha kupandisha giga 10.

Kadi memori, kle, na mahali pawili

Kwa vitu vingi, kadi memori inabaki njia ya bei nafuu. Lakini sokoni kuna kadi za uongo: imeandikwa giga 128, ndani ni 8. Simu inaonyesha 128, nawe unaendelea kuhamisha, kumbe video za mwisho zinaharibika. Ukinunua, ijaze kwanza kwa nakala za vitu visivyo na maana, kisha fungua vile vya mwisho. Vikifunguka, iamini. Simu ikikuuliza kama kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, jua kwamba baada ya hapo haitasomeka ndani ya simu nyingine.

Kadi iliyo ndani ya simu inaibiwa pamoja na simu. Kwa hiyo picha za karatasi zako ziweke mahali pawili. Picha 20 za mega 3 ni mega 60 tu: unaweza kujitumia kwa barua pepe yako mwenyewe. Picha za familia, zinakili kwenye kle ya USB na uiache kwa ndugu anayeishi kartie nyingine ao muji mwingine. Fungua kle ile uone kama picha zinaonekana. Hapo tu ndipo unaweza kufuta zilizo kwenye simu.

Mwishoni, acha giga 2 ao 3 wazi kila wakati. Simu inazihitaji kwa kazi zake za ndani, na inapokosa hata hizo inakuwa nzito na programu zinajifunga zenyewe. Kupitia "Gérer le stockage" mara moja kwa mwezi, dakika kumi, kunatosha.