Mistari Myekundu Chini ya Kiswahili Chetu

Mwalimu yeyote aliyefundisha katika shule za Bonde la Ufa miaka ya 1980 anaikumbuka stensili. Karatasi ile ya nta iliingizwa katika taipureta, utepe wa wino ukawekwa kando, na herufi zikachongwa moja baada ya nyingine kwa chuma kitupu. Karani akikosea neno, alilipaka dawa maalumu, akangoja ikauke, kisha akachonga upya juu yake. Mwalimu akigundua kwamba swali la tano lilistahili kutangulia la pili, hakuwa na budi kuomba stensili nyingine na kazi ianze mwanzo. Baada ya hapo mashine ya kurudufisha ilizungushwa kwa mkono hadi nakala za darasa zima zikatimia.

Programu za kuandikia kwenye kompyuta ndizo zilizotuondolea adha hiyo. WordStar ilitoka mwaka wa 1978 na Microsoft Word ikafuata mwaka wa 1983, ingawa shule zetu zilichukua muda mrefu kuzipata. Jambo kuu ambalo programu hizi zilileta ni kutenganisha kuandika na kupiga chapa. Katika taipureta, kuandika neno na kulichapa ni tendo moja, na likishachapwa limechapwa. Katika kompyuta, maneno hubaki kama udongo mbichi mikononi mwa mfinyanzi: aya huhamishwa, jina hubadilishwa, swali huondolewa, na karatasi haiguswi mpaka mwandishi aridhike.

Faida zake kwa mwalimu na mwanafunzi ni dhahiri. Maandalio ya kazi ya muhula uliopita hayaandikwi upya, bali hufunguliwa na kurekebishwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu huweza kuzipa sura na sehemu zake mitindo ya vichwa, na programu ikamtengenezea yaliyomo pamoja na nambari za kurasa kwa nukta chache tu. Msimamizi wake huandika maoni pambizoni bila kuharibu matini, na kila badiliko hubaki likionekana mpaka likubaliwe au likataliwe. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, na tangu hapo wingi wa mitihani, ratiba na maandalio umemlemea mwalimu wa somo hili. Chombo cha kumpunguzia mzigo ni neema.

Hata hivyo, neema hii ilizaliwa katika lugha nyingine, na hapo ndipo penye hoja yangu leo. Tazama kompyuta katika afisi ya shule yoyote ambayo mwalimu anatayarisha mtihani wa Kiswahili. Mara nyingi utaona kwamba karibu kila neno limepigiwa mstari mwekundu. Mistari hiyo iliingia katika Word kwa toleo la mwaka wa 1995, na kazi yake ni kumwonya mwandishi kwamba neno fulani halimo katika kamusi ya programu. Kama programu imeachiwa Kiingereza, basi "wanafunzi" ni kosa, "walisoma" ni kosa, na "ushairi" vilevile ni kosa.

Wengi wetu tumezoea kuipuuza, na katika mazoea hayo ndimo mlimo hasara. Mbwa anayembwekea kila mpita njia hamlindi mwenye nyumba, kwa maana usiku atakapokuja mwizi hakuna atakayeamka. Ukurasa wote ukiwa mwekundu, "wanafuzni" hujificha katikati ya "wanafunzi", na mtihani ukachapwa hivyo. Tena kuna hasara ya pili isiyoonekana kwa jicho. Mtoto anayejifunza kuandika kwenye kompyuta huona kila siku kwamba Kiingereza chake ni safi na Kiswahili chake kimejaa makosa. Hapana mwalimu aliyemfundisha hivyo darasani, lakini mashine inamfundisha.

Kwa nini kukitengenezea Kiswahili kikagua tahajia kulikuwa kugumu? Jibu limo katika umbo la lugha yenyewe. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kusoma kina maumbo matatu tu ya kuandikwa. Chukua sasa kitenzi chetu "soma". Nafsi sita zikiambatanishwa na nyakati nne tu, tayari tuna maumbo 24. Ongeza ukanushi, viambishi vya yambwa katika ngeli zote, urejeshi, kisha kauli za kutendea, kutendesha, kutendwa na kutendana, na utapata "nimemsomea", "tutawasomesha", "hawakusomeshana" na maelfu ya maumbo mengine. Anayetegemea orodha ya maneno lazima aandike orodha ndefu mno. Anayetaka kuepuka orodha hiyo lazima aifundishe mashine kanuni za mofolojia, ili iweze kulichambua neno kiambishi kwa kiambishi.

Kazi hiyo imefanywa, tena zamani. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kanuni. Mnamo mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi ambayo menyu zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Na kamusi ya kukagua tahajia iliyotolewa bure kwa OpenOffice katika kipindi hichohicho ina jina la Jason Githeko, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton. Naam, Egerton ya Njoro, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru! Microsoft nayo ilitoa menyu za Kiswahili katika muongo huohuo.

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Mti huu ulipandwa Njoro, nasi majirani tunaendelea kuandika chini ya mistari myekundu. Wala dawa yake si ghali. Katika Word, teua matini yote, fungua sehemu ya kukagua, nenda kwenye lugha ya usahihishaji, kisha uchague Kiswahili. Kama toleo ulilo nalo halina kikagua cha Kiswahili, LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka wa 2010, hupatikana bila malipo na kamusi ya Kiswahili ipo kwa ajili yake. Majina ya watu, ya mahali kama Subukia na Molo, na istilahi za fasihi, unaweza kuyaongeza mwenyewe katika kamusi ya programu. Baada ya hapo mistari itapungua, na itakayobaki itastahili kutazamwa.

Hata hivyo, si vyema nimsifu mgema akalitia tembo maji. Kikagua tahajia hutambua tu kama neno lipo. Hakijui kama neno hilo ndilo lililokusudiwa. Katika eneo letu tofauti hii ni kubwa. Lugha ya Kikuyu haina sauti ya "l", na lugha za Kikalenjin hazitenganishi "k" na "g" wala "p" na "b" kama Kiswahili kitenganishavyo. Kwa hiyo tunasoma katika insha kwamba wananchi walipiga "kula", kwamba marafiki walitafuta "mahari" pa kukutania, na kwamba baba alivaa "goti" jeusi. Kula, mahari na goti ni maneno sahihi ya Kiswahili. Mashine itayapitisha yote bila hata mstari mmoja, na mwanafunzi atadhani amefaulu. Hapa hakuna badala ya sikio la mwalimu.

Vivyo hivyo kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, ambayo wengi huipenda kwa wepesi wake. Amri hii imeegemea lugha ambayo nomino ikibadilika, sentensi haitikisiki sana. Iagize ibadilishe "mwalimu" kuwa "walimu" katika ripoti nzima, nayo itatii kwa sekunde moja, kisha itakuachia "walimu alisema" na "walimu wangu mzuri". Iagize ibadilishe "wa" kuwa "ya" bila kuibana kwenye maneno kamili, na "wakati" itageuka "yakati". Upatanisho wa kisarufi ndio uti wa mgongo wa Kiswahili, na amri hiyo haiufahamu. Badilisha neno moja moja, ukisoma kila sentensi, wala usikubali kubadilisha yote kwa mkupuo.

Tunapata funzo gani basi? Programu ya kuandikia imeirahisisha kazi ya mikono, lakini kazi ya macho na akili imebaki palepale. Pengine hata imeongezeka, kwani stensili ilimlazimisha mwalimu kufikiri kabla ya kuchonga, ilhali kompyuta humruhusu kuchapa kwanza na kufikiri baadaye. Mtihani uliokopiwa kutoka faili ya mwaka uliopita, tarehe ikabadilishwa na makosa yakaachwa, unawafikia watahiniwa wote kwa siku moja. Swali lenye neno lililokosewa humwadhibu mtoto asiye na hatia, kwa kuwa atakayepoteza alama ni yeye.

Ningependa vyuo vyetu vya walimu vifanye matumizi ya kikagua tahajia cha Kiswahili kuwa sehemu ya mafunzo, sambamba na kuandaa somo. Walimu walio kazini wasingoje semina. Dakika tano katika afisi ya shule zinatosha kuiambia kompyuta kwamba hapa panaandikwa Kiswahili. Na wanafunzi wa vyuo vikuu, kabla ya kunijia na tasnifu zenu, wekeni lugha inayofaa, kagueni tahajia, kisha chapeni ukurasa na kuusoma kwa sauti. Mashine itawaonyesha herufi iliyopotea. Kama ni kura au kula, hilo mtaamua nyinyi.