Ua la Mwenge: Lipande Penye Maji

Ndugu mkulima wa nyanda za juu, huenda nawe umekwisha kulikata ua hili kwa jembe bila kuuliza jina lake. Majani yake ni marefu na membamba. Katikati yake husimama bua refu, na kichwani mwa bua hushikana maua mengi madogo kama vibomba, mekundu na ya manjano, mfano wa mwenge unaowaka. Wataalamu wa mimea huliita Kniphofia thomsonii, kwa kumkumbuka Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884. Sisi hapa tuliite ua la mwenge.

Ua hili ni mzaliwa wa nchi hii. Hupenda baridi, jua, na udongo wenye unyevu, kama ule wa kando ya vijito vya Kinangop. Lakini tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa, mabonde mengi yamechimbwa mitaro na kulimwa viazi na kabichi. Hatumlaumu mtu kwa kuwalisha watoto wake. Hata hivyo, yafaa tujue tunachokipoteza.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na nilisomea ualimu. Mwaka mmoja nilitaka kupamba njia ya ofisi, nikapanda mashina kumi ya ua hili juu penye changarawe. Kufika Februari yote yalikuwa yamekauka. Mama mmoja mzee aliyekuja kuuliza habari za mbegu aliyatazama akacheka. "Mwalimu," akasema, "umemtoa samaki mtoni ukamweka kivulini."

Alinichukua hadi shambani kwake. Huko nyuma alilima mpaka ukingoni mwa mtaro, na kila masika kipande cha ukingo kilianguka, udongo wake mzuri ukaenda kwa jirani wa chini. Ndipo akaacha ukanda mdogo bila kuulima, akaachia nyasi zimee, na katikati ya nyasi akapanda ua la mwenge. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ukingo ulikuwa mzima. Ndege aina ya chozi walikuwa wakifyonza asali ya maua kwa midomo yao iliyopinda.

Ukitaka kufanya kama yeye, fuata haya:

1. Chukua shina kwa jirani, au katika shamba lako mahali unapotaka kulima. Usiende kung'oa msituni wala katika Mbuga ya Taifa ya Aberdare.

2. Panda mvua za masika zinapoanza. Chimbua shina zima, uligawe kwa panga, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Punguza majani kwa nusu ili kipande kisinyauke.

3. Chimba shimo la kutosha mizizi. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Shingo ya mmea iwe sawa na uso wa ardhi. Ukiizika chini sana itaoza. Acha inchi 18 kati ya shina na shina.

4. Mwaka wa kwanza usiliache likauke, na uzuie ndama wasilikanyage. Ng'oa nyasi zilizo karibu sana na shina changa, maana zitalisonga. Zile za mbali kidogo ziache zishike udongo.

5. Maua yakinyauka, kata bua karibu na chini. Baada ya miaka michache, shina likisongamana na maua kupungua, lichimbue, uligawe tena, na umpe jirani kipande.

6. Unapopulizia viazi dawa, usiipeleke kwenye maua wala kwenye mtaro. Nyuki na chozi hula hapo, na ng'ombe wa jirani hunywa chini yake.

Usidhani ua hili litakulipia karo ya shule. Faida yake ni nyingine: hukaa miaka mingi kwenye kona yenye maji ambayo mahindi huikataa, na pamoja na nyasi husaidia kushika udongo ambao huwezi kuununua dukani.

Basi masika ijayo, kabla ya kupeleka jembe mpaka ukingoni, simama kidogo utazame. Ukiliona bua jekundu, lichimbue kwa upole, ulipe nafasi penye maji.