Kufundisha Kusoma na Urithi wa Shule za Bweni za Kanada

Huenda msomaji akashangaa kuona habari za Kanada katika kurasa ambazo kwa desturi hushughulikia Kiswahili na jamaa zake. Lakini jambo lenyewe, yaani mtoto kufundishwa kusoma kwa lugha asiyoijua, si geni kwetu.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja. Wakrii hawakupata elimu ya kusoma kutoka shule za bweni. Yapata mwaka 1840, huko Norway House, mmisionari James Evans alitoa mwandiko wa silabi kwa lugha yao. Wapo Wakrii wasimuliao kwamba asili yake ni kwao wenyewe. Umbo la alama laonyesha konsonanti, na upande lilikoelekea waonyesha irabu: pembe yenye ncha juu husomwa pi, ncha ikiwa chini ni pe, kulia ni po, kushoto ni pa. Kwa kuwa Kikrii hakitenganishi p na b, wala t na d, maumbo machache yatosha. Watu walifundishana wao kwa wao, na mwandiko ukaenea upesi.

Ndipo zikaja shule za bweni, zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa tangu miaka ya 1880. Mnamo 1920 sheria ilitia nguvu ya kuwalazimisha watoto kwenda. Zaidi ya 150,000 walipitia humo kabla ya shule za mwisho kufungwa katika miaka ya 1990. Lugha ya nyumbani ilikatazwa, mara nyingi kwa adhabu. Mtoto ambaye kwa sikio lake p na b ni sauti moja alitakiwa azitenganishe katika maneno asiyoyaelewa, na ni rahisi kosa la namna hiyo kuhesabiwa upumbavu. (Kenya nayo ilikuwa na kibao chake cha kumvika mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama, Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hilo mwaka 1986.)

Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada, katika wito wa 62 kati ya 94 iliyotoa mwaka 2015, ilitaka habari hizi zifundishwe tangu darasa la chekechea, kwa kadiri ya umri. Walimu wengi huanza na kisa cha Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka sita, alinyang'anywa shati lake jipya la rangi ya chungwa siku ya kwanza ya shule. Kisa hicho kinafaa sana. Lakini somo likiishia katika kupaka shati rangi, mtoto hajasoma kitu.

Mimi napendelea When We Were Alone, kitabu cha David A. Robertson chenye picha za Julie Flett, kilichotoka mwaka 2016. Humo mtoto amwuliza bibi yake kwa nini huvaa rangi nyingi, kwa nini hufuga nywele ndefu, kwa nini husema Kikrii. Na kila jibu larudi shuleni. Mtoto humwita Nókom. Mwalimu asilipite neno hilo upesi. Ile n- ya mwanzo maana yake ni "yangu", na katika Kikrii jina la ujamaa halisimami pasipo mwenyewe, karibu na vile tusemavyo sisi mamangu, babako, mwanawe. Haiwezekani kumtaja bibi huyo bila kusema ni wa nani.