Faili lenye jina la ajabu: kompyuta pepe inavyofanya kazi, na nilivyoiharibu yangu

Kabla sijarudi chuo kusoma uzamili, nilikuwa mtu wa IT kwenye ofisi moja yenye wafanyakazi kama sitini. Mishahara yao yote ilipita kwenye programu moja ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows XP. Aliyeitengeneza alishaondoka siku nyingi, na kwenye Windows mpya ilikuwa haifunguki kabisa. Kompyuta yenyewe ilishaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Isitoshe, Microsoft waliacha kuipa XP marekebisho ya usalama Aprili 2014, kwa hiyo kuiacha kwenye mtandao ilikuwa sawa na kulala mlango wazi.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya wanachofanya watu wengi wa kazi hii: niliihamisha XP nzima, na programu yake, ikaishi ndani ya kompyuta nyingine.

Hapa ndipo watu huuliza: kompyuta ndani ya kompyuta, ikoje hiyo?

Fikiria hivi. Mfumo endeshi, iwe Windows, Linux au ile Android ya kwenye simu yako, hauna macho. Hauioni diski wala kadi ya mtandao. Unachokijua ni maswali na majibu tu: unaomba kipande fulani cha data kutoka kwenye diski, unaletewa. Sasa ukiweka katikati programu inayojibu maswali hayo inavyotakiwa, mfumo utaamini una mashine yake peke yake. Kumbe "diski" yake ni faili moja kubwa tu ndani ya diski halisi. Hiyo ndiyo kompyuta pepe. Mfumo ulio ndani tunauita mgeni, na kompyuta inayoubeba ni mwenyeji.

Usidhani basi kwamba kila kitu kinakuwa cha kobe. Amri nyingi za mgeni, kama kujumlisha na kulinganisha namba, zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa kwa kasi ya kawaida. Ni zile nyeti tu, kama kubadili mpangilio wa kumbukumbu, zinazokamatwa mlangoni. Programu msimamizi inazishughulikia, mgeni anaendelea bila kujua lolote. IBM walikuwa wakifanya hivi kwenye makompyuta yao makubwa tangu miaka ya 1960. Zilizosumbua ni prosesa za kompyuta zetu za mezani. Zilikuwa na amri nyeti ambazo mgeni akizitoa hazikamatwi, zinaleta jibu tofauti kimyakimya. Mwaka 1999 VMware walitoa programu iliyosoma amri za mgeni na kuziandika upya kabla hazijatekelezwa, kazi ya kichaa kweli. Intel wakaja kuweka msaada ndani ya prosesa yenyewe mwaka 2005, AMD mwaka 2006. Ndiyo maana ukiweka VirtualBox leo inaweza kukwambia uende kwenye BIOS ukawashe VT-x. Ndiyo swichi ya kazi hiyo.

Turudi ofisini. XP ilifanya kazi vizuri, mhasibu wetu akafurahi, bosi akanisifu mbele za watu. Siku moja nikataka kubadilisha mipangilio ya printa, na kwa tahadhari nikapiga kwanza "picha ya hali". Ukiwa na picha hiyo, mambo yakiharibika unabonyeza mara moja na mashine inarudi ilivyokuwa. Printa ikakubali. Picha nikaisahau pale kwa miezi minane.

Sasa nikueleze picha hiyo ni nini hasa, maana jina lenyewe linadanganya. Si nakala. Chukua mfano wa mwenye duka na daftari lake la madeni. Siku ya kupiga picha anafunga daftari la kwanza, haandiki tena ndani yake hata nukta. Anafungua la pili, na kila badiliko kuanzia hapo linaandikwa humo. Mteja akiuliza deni lake, anaangalia la pili kwanza. Asipoliona, anarudi la kwanza. Diski ya kompyuta pepe inafanya hivyohivyo: faili la mwanzo linagandishwa, na mabadiliko yote yanakwenda kwenye faili jipya. Jina la faili hilo ni mlolongo mrefu wa herufi na namba usioeleweka, na linazidi kunenepa kila siku.

Likanenepa mpaka diski ya mwenyeji ikajaa. VirtualBox ikikosa nafasi huisimamisha mashine pepe ilipo, na hiyo ilitokea tarehe 27, watu wanasubiri mshahara. Nikafungua folda kutafuta cha kufuta. Nikakuta faili kubwa kupita yote, lenye jina la ajabu. Nikajua ni takataka za programu. Nikalifuta.

Nilichotupa ni daftari la pili.

Mashine ikagoma kuwaka, inalalamika kuna diski haionekani. Nilipoirudisha kwenye picha iliwaka vizuri sana, safi kabisa, ikiwa na data za miezi minane iliyopita. Waajiriwa wapya hawamo. Mikopo iliyokwisha kulipwa inaonekana bado inadaiwa. Na cha kuumiza, kama ningeifuta picha kwa kutumia VirtualBox yenyewe, ingeyaunganisha madaftari mawili kuwa moja bila kupoteza kitu. Kwanza tu ningelazimika kupata nafasi kidogo, hata kwa kuhamishia mafaili mengine kwenye diski ya nje.

Kilichotuokoa ni karatasi. Mhasibu, mama mmoja asiyeamini sana mambo ya kompyuta, alikuwa anachapisha orodha ya mishahara kila mwezi na kuifungia kabatini. Tulikaa siku tatu, yeye anasoma, mimi naandika. Mshahara ulitoka tarehe 31, na kuna watu hawakunisalimia wiki nzima.

Baada ya hapo nilinunua diski ya nje. Kila Ijumaa tunaizima XP na kunakili folda yake nzima, kisha diski inatoka nje ya ofisi. Anayeondoka nayo ni yule mama. Niliomba niwe naibeba mimi, akakataa.