Dini Yake Haikuambii Kura Yake



Katika kutembelea vikundi tumesikia neno hili zaidi ya mara moja: "Huyo ni wa dini ile, basi ni wa upande ule." Neno hilo linavunja vikundi.

Tulijua kikundi kimoja cha akina mama, Wakristo na Waislamu, kilichochanga pesa kila wiki bila shida. Mwaka wa 2010, wakati wa kura ya maoni ya Katiba, walianza kutupiana maneno. Wengine wakaacha kuja. Mchango ukakwama, na mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika akakosa karo ya mtoto.

Ugomvi ulitoka wapi? Wakuu wengi wa makanisa, hata wetu Wakatoliki, waliipinga Katiba ile kwa ajili ya kifungu cha utoaji mimba na Mahakama za Kadhi. Viongozi wengi wa Kiislamu waliiunga mkono. Lakini tarehe 4 Agosti karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura walisema Ndiyo. Wakristo ndio wengi nchini, kwa hivyo ni wazi Wakristo wengi walisema Ndiyo, na wengine La. Dini moja, kura mbalimbali.

Tena wengi waligombania jambo wasilolielewa. Mahakama za Kadhi zilikuwa tayari katika Katiba ya uhuru ya 1963. Zinasikiliza mambo ya ndoa, talaka na urithi, na ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mkristo hapelekwi huko kwa nguvu.

Na wakubwa je? William Ruto aliongoza upande wa La. Uhuru Kenyatta alikuwa upande wa Ndiyo. Mwaka wa 2013 walisimama pamoja wakashinda uchaguzi. Wale akina mama nao walikuwa bado hawajarudiana wote.

Katiba yenyewe inasema nini? Kifungu cha 8: hakuna dini ya serikali. Kifungu cha 32: kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 91: chama cha siasa kisijengwe juu ya dini.

Basi katika kikundi tufanye hivi:

1. Sala ya kufungua kikao iwe kwa zamu, kila dini.

2. Kampeni ibaki nje ya kikao.

3. Usipokubaliana na siasa za mwenzako, bishaneni juu ya maji, barabara na bei ya mbolea. Msikiti wake au kanisa lake usiliguse.

Maswali ya kujadiliana:

Je, kuna mtu aliyeacha kuja kwetu kwa sababu ya maneno ya uchaguzi? Ni nani atakwenda kumwona wiki hii?